Rangi 6, stopu 13: maswali yenu ya kubadilisha uzi kwenye mashine ya kudarizi

Safari hii maswali karibu yote yameangukia sehemu moja, kubadilisha uzi, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Lile la kwanza nimelijibu kwa kirefu maana ukishalielewa hilo, mengine nusu yake yanajijibu yenyewe.

Shikamoo fundi. Mimi natumia mashine ya sindano moja, ya nyumbani. Nimenunua dizaini ya ndege amekaa kwenye tawi, pembeni kuna ua. Rangi ni 6 tu lakini mashine inanisimamisha mara 13! Nyeusi peke yake nimeitunga mara nne. Nikiunganisha rangi zinazofanana nitaharibu dizaini? Na kama naweza, naanzia wapi? – Mwenye sindano moja

Marahaba. Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya sana: idadi ya rangi na idadi ya stopu. Ukinunua dizaini muuzaji anakuandikia "rangi 6" na wewe unafurahi, kumbe kinachokula muda wako sio rangi, ni stopu, yaani mara ngapi mashine inasimama ikisubiri uzi mwingine. Piga hesabu tu hapo. Tuseme dizaini ina mishono 9,000 na mashine yako inakwenda mishono 600 kwa dakika, kushona kwenyewe ni dakika 15. Sasa kila stopu ikikula dakika moja, na hapo uwe mwepesi wa kutunga, stopu 13 ni dakika 13 nyingine, karibu sawa na kushona. Na hiyo ni nguo moja, ukiwa na oda ya nguo ishirini ndo utajua.

Sasa swali lako, kuunganisha. Jibu ni ndio unaweza, lakini sio kila nyeusi inaungana na kila nyeusi. Darizi inajengwa kwa matabaka, kilichoshonwa mwanzo kinakaa chini na kilichoshonwa mwisho kinakaa juu. Kwa hiyo kabla hujasogeza kitu chochote uliza: hiki kimelala juu ya nani, na nani kamlalia huyu? Vipande viwili vya rangi moja vinaungana kama katikati yao, kwenye ule mpangilio wa kushona, hakuna kipande cha rangi nyingine kinachogusana na kile unachotaka kukisogeza. Kama kipo, basi usogeze hicho cha katikati kwanza, au uache.

Tuichukue hiyo dizaini yako kama ulivyonitumia orodha yake, maana ni mfano mzuri kweli. Inaenda hivi: kahawia tawi, kijani majani, njano mwili, nyeusi jicho, nyeupe kadoti ka kwenye jicho, nyeusi mdomo, njano bawa, nyeusi mistari ya bawa, kahawia miguu, nyekundu ua, njano katikati ya ua, kijani majani mawili yanayofunika ukingo wa ua, halafu nyeusi autilaini ya kumalizia, yaani ule mstari wa kuzunguka umbo. Jumla 13. Aliyeitengeneza alikuwa anachora, hakuwa anashona, unaona kabisa kamaliza kichwa akaenda bawa, kamaliza bawa akaenda miguu, kama mtu anayepaka rangi kwenye karatasi.

Anza na miguu. Miguu ni kahawia na tawi ni kahawia, na miguu inakanyaga tawi, kwa hiyo inaweza kushonwa papo hapo baada ya tawi bila kutoa uzi. Kitu kimoja tu, sasa hivi miguu inashonwa baada ya mwili kwa hiyo ncha zake za juu zimekaa juu ya tumbo, ukiirudisha nyuma tumbo ndo litazifunika. Mimi naona hiyo ni bora zaidi, mguu unaonekana unatoka kwenye manyoya badala ya kubandikwa. Hakikisha tu ncha imeingia ndani ya tumbo milimita moja au zaidi kidogo, isije ikaacha mwanya.

Kijani ndo penye mtego. Majani ya kwanza yako chini ya mkia wa ndege kwa hiyo lazima yatangulie mwili, na yale mawili ya mwisho yako juu ya ua kwa hiyo lazima yafuate ua. Ukijaribu kuyavuta ya mwisho yarudi mwanzo, ua litayafunika. Ukiyapeleka ya mwanzo mwisho, yatapanda juu ya mkia. Hapa wengi wanakata tamaa wanaacha stopu mbili za kijani. Lakini angalia ua: halimgusi ndege popote, na yale majani ya kwanza hayaligusi, lenyewe limekaa juu ya tawi tu. Basi usihangaike na majani, lisogeze ua lenyewe, lije mara tu baada ya kahawia, kisha majani yote kwa pamoja, kisha mwili. Tatizo limekwisha.

Njano: mwili, bawa na katikati ya ua, zote zinakaa mfululizo. Bawa liko juu ya mwili na ni njano juu ya njano, utaniuliza si litapotea? Halipotei kama mwelekeo wa mishono ni tofauti, uzi wa reyoni au polista unang'aa kwa hiyo mishono iliyolala na mishono iliyosimama inapokea mwanga tofauti, macho yanaona kama ni njano mbili. Halafu mistari nyeusi inakuja juu yake. Nyeusi nayo yote inasogea kwenda mwishoni: jicho, mdomo, mistari ya bawa, autilaini. Mwisho kabisa nyeupe, kale kadoti ka jicho, maana kako juu ya nyeusi na hakuna kinachokafunika.

Kahawia, nyekundu, kijani, njano, nyeusi, nyeupe. Stopu 6. Huwezi kushuka hapo chini bila kuondoa rangi.

Kuna kodi yake lakini, usije ukanilaumu. Ukishona njano yote pamoja mashine itatoka kwenye bawa iruke mpaka katikati ya ua, na nyeusi nayo itaruka kutoka jicho kwenda kwenye bawa. Kama mashine yako inakata uzi yenyewe sawa, kama haikati utabaki na nyuzi ndefu za kukata na mkasi, na zikipita chini ya kitu kitakachoshonwa baadaye zinanasa humo, hasa uzi wa giza chini ya rangi nyeupe unaonekana. Ndani ya rangi moja basi panga vipande vifuatane kwa ukaribu, usiiruhusu mashine iende kushoto irudi kulia iende tena kushoto.

Kuhusu pa kufanyia: programu nyingi za kudarizi zina kitufe cha kupanga rangi, Embrilliance na Hatch wanacho, wengine wanakiita kwa majina yao. Kama huna hela ya programu chukua Ink/Stitch, ni ya bure na inafanya kazi ndani ya programu ya kuchora ya Inkscape, pale mpangilio wa kushona ndo ule mpangilio wa vitu kwenye orodha, cha chini kabisa kinashonwa kwanza, kwa hiyo unakamata kipande na mausi unakipandisha au unakishusha. Hicho kitufe cha kupanga kwa mkupuo kina faida yake ila mimi siachii kifanye kila kitu, kinaweza kukuunganishia nyeusi mbili zinazofaa na kikaacha mtego kama ule wa kijani kwa sababu hakijui kwamba ua linaweza kusogea. Kisha kabla ya kuweka kitambaa angalia dizaini ikishonwa kwenye skrini mwanzo mpaka mwisho, polepole, ukitazama jambo moja tu, je kuna kitu kimezama ambacho kilitakiwa kiwe juu?

Na kwa zile stopu ambazo zitabaki: ukibadilisha uzi usiuvute kurudi nyuma kuelekea kwenye koni ya uzi. Kata pale juu karibu na koni, halafu vuta kipande kilichobaki kitokee kwa chini upande wa sindano. Ukivuta kurudi nyuma unapitisha vumbi na nyuzinyuzi kwenye visahani vya tenshen (vinavyokaza uzi) kinyumenyume, baadaye unaanza kuhangaika tenshen imeharibika nini.

Fundi, mimi nadarizi nembo ndogo za mifukoni. Naweka 6 kwenye fremu moja kubwa, nembo ina rangi 4. Mashine inamaliza nembo ya kwanza yote ndo inaenda ya pili, yaani nabadilisha uzi mara 24. Kuna namna? – Wa nembo

Ipo, na hapa ndo penye faida kubwa kuliko mahali pengine popote. Nembo 6 hazigusani, kwa hiyo lile swali la nani kalala juu ya nani halipo kati ya nembo na nembo, lipo ndani ya kila nembo tu. Ukipanga kwa rangi unashona bluu zote 6, nyeupe zote 6, hivyo hivyo mpaka mwisho, stopu 4 badala ya 24. Baadhi ya mashine, kwa mfano za Brother zile kubwa kidogo, zina kitufe cha kupanga rangi kwenye skrini yenyewe kwa ajili ya dizaini nyingi zilizowekwa pamoja, mradi dizaini hazijapandana.

Ila angalia karatasi yako ya chini, ile inayowekwa chini ya kitambaa kukishikilia. Nembo ikishonwa yote kwa mara moja, fili yake (mishono ya kujaza umbo) na autilaini yake vinapishana dakika chache tu. Ukipanga kwa rangi, fili ya nembo ya kwanza inashonwa sasa hivi na autilaini yake inakuja baada ya nembo zote 6 kupigwapigwa, na muda wote huo kitambaa kinavutwa huku na huku ndani ya fremu. Kama kimelegea kidogo tu utaona autilaini imehama, mwanya upande mmoja na upande wa pili imepanda. Kwa hiyo karatasi iwe ya uzito wa kutosha na iingie ndani ya fremu pamoja na kitambaa, isiwe imechomekwa tu chini, na ushone mstari mrefu wa kushikiza kuzunguka kila nembo kabla ya kuanza, utaufumua baadaye.

Na kama kitambaa ni cha kuvutika, tisheti ile laini, mimi naweka nembo mbili au tatu kwa fremu na sio 6. Sindano ikivunjika vibaya katikati au kitambaa kikikunjamana chini ya bamba, nembo zote zimeharibika pamoja, tena zikiwa nusu nusu.

Nimechukua picha ya JPEG nikaiingiza kwenye programu iigeuze kuwa darizi yenyewe. Imenipa rangi 38. Logo ina rangi 5 kwa macho!! – Aliyechoka

Pole. Programu haijakosea, imehesabu kweli. Kuza hiyo picha yako sana mpaka uone vile vimraba, kisha tazama pale bluu inapokutana na nyeupe. Hakuna mpaka mmoja mkali, kuna vimraba vya bluu hafifu, hafifu zaidi, kijivu, vimewekwa ili ukingo uonekane laini kwa macho. Na JPEG ikibanwa nayo inaongeza madoa yake pembeni. Kompyuta ikiona kila kimraba ni rangi basi kila rangi inatafutiwa uzi, ndo unapata utepe mwembamba wa kijivu kuzunguka kila herufi ambao hata sindano haiwezi kuushona ukaeleweka.

Kwa hiyo usirekebishe darizi, rekebisha picha. Ipunguze iwe rangi 5 kamili kwenye programu ya picha, futa madoa, ndo uigeuze. Au vizuri zaidi ichore upya kwa maumbo, logo ya rangi 5 sio kazi ya siku nzima.

Ukishafika hapo kuna swali la pili ambalo watu hawajiulizi: hizo rangi zote unazihitaji? Bluu mbili zilizokaribiana, kwenye skrini zinatofautiana, ukizishona kwenye herufi ya milimita 6 hakuna atakayeziona. Weka moja. Kivuli unaweza kukipata kwa kugeuza mwelekeo wa mishono, au sehemu moja uifanye satini (mishono ya kuvuka kutoka ukingo mpaka ukingo) na nyingine tatami (mishono mifupi ya kujaza), kama nilivyosema kwenye bawa la ndege hapo juu. Na kama kitambaa chako ni cheupe, mbona unashona nyeupe? Acha tundu, kitambaa chenyewe ndo kiwe nyeupe yako. Umeokoa stopu na mishono pia, na nguo haiwi ngumu kama kadi. Hii inakaa vizuri kwenye kitambaa kilicholala, kwenye taulo hapana, manyoya yatachungulia.

Rangi ya tatu nayo unaweza kuitoa kwenye mbili: njano ishonwe kawaida, halafu juu yake nyekundu ya mishono iliyoachana, macho yanaona chungwa. Inapendeza kwenye maua na mawingu, kwenye logo ya kampuni usijaribu maana mwenye logo anataka rangi yake ile ile.

Nimeunganisha stopu kwenye dizaini ya apliki (ile ya kushonea kipande cha kitambaa juu ya kingine) kama mlivyowahi kusema, mashine imeshona moja kwa moja haijanipa nafasi ya kuweka kitambaa. Tatizo nini?

Tatizo umeziua stopu zilizokuwa na kazi. Kwenye apliki mstari wa kwanza unakuonyesha pa kuweka kitambaa, mashine inasimama, unakiweka, mstari wa pili unakishika, inasimama tena unakata pembeni na mkasi, ndo satini inakuja kufunika. Mistari yote mitatu ingeweza kuwa uzi ule ule, aliyeitengeneza kaipa rangi tofauti makusudi ili mashine isimame tu. Programu inaona rangi, haioni mkono wako unaosubiri kuweka kitambaa. Ukiona kwenye dizaini rangi za ajabu zisizoonekana kwenye picha ya mwisho, pinki kali, kijani ya limau, mara nyingi ni hizo stopu za kazi. Rudi kwenye faili la mwanzo (natumaini unalo, siku zote hifadhi kwa jina jingine ukibadilisha) na usiguse hizo. Hivyo hivyo kwa vile vipochi vinavyoshonwa vizima ndani ya fremu, kitufe cha kupanga rangi usikisogelee.

Tuna mashine ya sindano 15 hapa kazini, kwa hiyo mambo ya kupunguza stopu hayatuhusu, au? Na mbona faili la DST likifika kwenye mashine rangi zinakuja za ajabu?

Yanawahusu, ila kidogo. Mashine yenu inabadilisha sindano yenyewe, lakini kila ikibadilisha inapunguza mwendo, inakata uzi, kichwa kinahama, inaanza taratibu tena. Ni sekunde tu, lakini zikizidishwa kwa stopu na kwa nguo za oda nzima zinakuwa saa. Na kila mkato ni nafasi ya uzi kuchomoka kwenye sindano ikianza upya, mwendeshaji wenu anajua hilo kuliko mimi.

DST haina rangi. Ndani yake kuna miondoko ya sindano na amri ya "badilisha hapa" basi, rangi mnayoiona mashine imejiwekea tu. Ndo maana lazima mpange wenyewe stopu ya kwanza sindano namba ngapi, ya pili namba ngapi. Faili za PES, JEF au VP3 zinabeba rangi zake. Kwa hiyo mkipanga upya mpangilio kisha mkatoa DST, andikeni karatasi ya stopu mpya ifuatane na faili, maana mwendeshaji akitumia karatasi ya zamani yenye stopu 13 kwenye faili lenye 6 ndege atatoka na mkia mwekundu.

Na kama stopu mbili zinazofuatana ni uzi ule ule na programu imekataa kuziunganisha, zipeni zote namba moja ya sindano, mashine nyingi zitapita bila kuhama.

Kofia zangu baada ya kupanga rangi zimeanza kutoka na mianya kati ya herufi na autilaini yake. Kabla ilikuwa safi. – Wa kofia

Rudisha ulivyokuwa. Kofia imejikunja na haishikwi vizuri kama kitambaa kilicholala, inasukumwa kila sindano inapopiga, ndo maana dizaini ya kofia inashonwa kuanzia chini kwenda juu na kutoka katikati kwenda pembeni, kila herufi inamalizwa na autilaini yake kabla ya kuhamia nyingine. Ulipopanga kwa rangi ulishona fili zote kwanza, kofia ikasogea, autilaini zikaja kutafuta herufi zilizokwisha kuhama. Unaweza kuongeza kidogo upana wa fili ili iingie chini ya autilaini, milimita 0.3 au 0.4 hivi, itasaidia kiasi. Kama bado unataka kupunguza stopu, punguza kwa kuondoa rangi, kwa mfano autilaini ya herufi ndogo ambayo haina kazi pale, na sio kwa kuhamisha mpangilio.